Uliza Fundi: Niifungue injini ya Fuso, au nichukue lori jipya kwa mkopo?

SWALI

Kamwene Fundi, na shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Makambako. Nina Fuso Fighter ya mwaka 1996, FM617, injini 6D17, niliyoinunua mkononi mwa mtu mwaka 2011. Imenijengea nyumba na imesomesha watoto watatu. Kazi yake ni viazi kwenda Dar, mara nyingine mbao, na kurudi na simenti au mabati nikibahatika.

Sasa imechoka. Safari ya kwenda na kurudi inakula lita 4 za oili, na dizeli imefika lita 440. Mwaka huu imelala Kitonga mara mbili ikipandisha na simenti, mara ya kwanza redieta, mara ya pili klachi. Ile ya klachi nililala pale siku mbili, na viazi vilivyokuwa vinanisubiri huku nyumbani akapewa mtu mwingine.

Fundi wangu anataka milioni 9 aifungue injini. Kuna mtu wa Mafinga ametaja milioni 28 aichukue ilivyo. Kijana wangu aliyemaliza VETA ananiambia, baba, achana na chuma chakavu, tuchukue lori jipya la dizeli. Bei milioni 165, kianzio milioni 45, halafu milioni 4.3 kila mwezi kwa miezi 36. Hii Fuso inanipa milioni 1.6 kwenda na kama laki 6 kurudi. Napiga safari 4 kwa mwezi, masika zinashuka mpaka 2. Mke wangu anasema tuuze tununue shamba la parachichi. Nifanye lipi?

Mwenye Fuso, Makambako

JIBU

Kamwene, mdogo wangu, na marahaba. La parachichi mmalizane na mama huko nyumbani, mimi najua kupanda nati tu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilichukua kalamu nyekundu nikapigia mstari maneno mawili: redieta na klachi. Gari imelala mara mbili, na mara zote mbili injini haikuhusika. Wewe umekasirikia injini kwa sababu ndiyo inayopiga kelele na kula oili, lakini iliyokulaza Kitonga ni matundu ya redieta yaliyoziba kwa miaka, na klachi iliyoungua. Mfuko wa simenti ni kilo 50, mifuko 200 ni tani 10. Sikuulizi siku ile ulipakia mifuko mingapi. Klachi imeshanijibu.

Haya, tuje kwenye injini. Lita 4 kwa kilomita kama 1,300 ni oili nyingi, sikudanganyi. Lakini oili inaisha kwa njia nyingi, na bei zake hazilingani. Kabla hujamkabidhi mtu milioni 9, fanya mambo mawili ambayo hayana gharama.

La kwanza, safari ijayo ukiwa na viazi, teremsha Kitonga kwa gia ya chini kama kawaida yako, mguu umetoka kwenye mafuta, injini inaishikilia gari. Ukifika chini kwenye tambarare kanyaga mafuta tena, na tandiboi awe anaangalia ekzosi. Likitoka wingu la bluu mara moja kisha likakatika, oili inapita kwenye sili za valvu. Hiyo ni kazi ya hedi, haifiki milioni 9 hata kwa fundi mwenye tamaa. Bluu ikiendelea muda wote gari ikivuta mzigo, hapo ni ringi za pistoni na slivu zinamochezea pistoni, na fundi wako ana haki.

La pili, injini ikiwa ya moto na inaunguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta, fungua kifuniko cha oili, kigeuze chini juu, kilaze juu ya lile tundu lake bila kukifunga. Kikitulia palepale, au kikitetemeka kidogo, pistoni bado zinabana. Kikianza kuchezacheza na kuruka kama kifuniko cha sufuria ya ugali, na moshi unapumua mle ndani, moto wa silinda unapita pembeni ya ringi na kushuka kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini. Nimefanya kipimo hiki hapa Ipogolo, Iringa, kwa miaka 31, mvua na jua, na bado nakiamini kuliko maneno ya mwenye gari na maneno ya fundi yakiwekwa pamoja.

Halafu unisamehe kwa swali la uchokozi: nani anaendesha? Lita 440 ni chini ya kilomita 3 kwa lita, na 6D17 hata ikiwa imechoka haina ulafi huo peke yake. Jaza tenki mpaka shingoni Makambako, rudi, jaza mpaka shingoni kwenye pampu ileile, uone imeingia ngapi. Fanya hivyo safari moja ukiwa wewe mwenyewe umekaa kabini. Hesabu ikishuka ghafla, hapo una tatizo la madumu ya lita 20 yanayouzwa pembeni mwa barabara, na lori jipya nalo lina tenki.

Sasa hesabu ya mkopo. Umenipa namba nzuri, wengi huniandikia “gari inanipa kiasi” halafu wanataka jibu. Bei ya dizeli inabadilika kila EWURA, wadhibiti wa bei ya mafuta, wanapotangaza mwanzo wa mwezi, kwa hiyo nachukua shilingi 2,800 kwa lita kwa ajili ya hesabu tu. Posho, ushuru na upakiaji nimeweka laki 3 kwa safari. Kama zako zimezidi, rekebisha.

Fuso ilivyo leo: milioni 2.2 inaingia, dizeli inakula 1,232,000, toa laki 3, unabaki na 668,000. Kwa safari 4 ni milioni 2.67 hivi kwa mwezi, bado matairi na spea.

Lori jipya lenye uzito na injini kama hiyo, likitunzwa, tulipe lita 325 kwa safari, nami hapo nimekuwa mkarimu. Dizeli 910,000. Unabaki na 990,000. Kwa safari 4 ni milioni 3.96, wakati benki inasubiri 4.3. Hujanunua tairi hata moja, hujalipa bima kubwa ambayo mkopeshaji hatakuachia gari bila hiyo, na umeshapungukiwa. Masika ukishuka safari 2 unapata milioni 1.98. Benki haina masika.

Ili upumue unahitaji safari 6 kila mwezi, mwaka mzima, kwa miaka mitatu, na kurudi na mzigo kila mara. Kijana wako atasema lori jipya haliharibiki kwa hiyo litapiga safari nyingi. Kweli, lakini kilichokubana si gari peke yake. Viazi vina msimu, matope ya kutoka shambani mpaka lami yana msimu, na foleni ya kushusha sokoni Ilala haijali gari yako ni ya mwaka gani. Jiulize mwaka jana ni mara ngapi ulikataa mzigo kwa sababu Fuso ilikuwa na safari nyingine, si kwa sababu ilikuwa gereji. Kama ni mara 2 au 3, kazi ya safari 6 huna.

Na ujue jumla yake: milioni 4.3 mara 36 ni milioni 154.8, weka kianzio 45, unafika karibu milioni 200 kwa gari la 165.

Hapa wasomaji wengine watadhani mimi ni mzee anayeogopa kompyuta. Siogopi. Nataka tu kujua mtu akisema “lori jipya la dizeli” anasema injini gani, maana neno jipya halikuambii kitu. HOWO nyingi za Kichina, zile za nguvu farasi 371 zilizojaa barabara hii, zilikuja na WD615 ya Euro 2, daraja la zamani la usafi wa moshi, injini yenye ukoo wa Steyr wa Austria, pampu yake ni ya vyuma vitupu, kijana yeyote wa gereji anaifungua. Imetoka kiwandani juzi, lakini maumbile ni ya zamani. Upande mwingine kuna malori yenye umri mkubwa ambayo ndani ni kompyuta tupu. Komoni reli, yaani dizeli ya presha kubwa inayoongozwa na kompyuta, si kitu cha jana, Denso wa Japani waliifunga kwenye malori ya Hino tangu 1995.

Kwa hiyo mkienda kuliangalia, waulize: ni Euro ngapi? Pampu ni ya aina gani? Ina tenki la AdBlue, dawa ya kusafishia moshi? Ina chujio la masizi kwenye ekzosi? Muuzaji akibabaika, fungueni boneti mjionee.

Tofauti yenyewe ni hii. Pampu ya 6D17 yako imejipanga kama pistoni ndogo sita, na sehemu yake ya chini inalainishwa na oili ya injini. Ikimeza maji kidogo au dizeli chafu itakohoa, itakula nozeli, lakini itakufikisha Mikumi. Komoni reli inabana dizeli kwa presha inayopita baa 1,600, na nyingine hupita 2,000. Tairi la lori lako lina baa 8 hivi, fikiria mwenyewe. Kwa presha hiyo vyuma vimeachiana nafasi ambayo hata unywele haupiti, na pampu nyingi za namna hiyo hazina oili ya kuzilainisha, zinalainishwa na hiyohiyo dizeli inayopita. Ukiipa dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, umeinyima oili. Tangu 2010 mafuta yanawekewa vinasaba ili wachakachuaji wakamatwe, na hali si kama ile tuliyoiona zamani, lakini dumu unalouziwa gizani na mtu asiye na kituo halina anayelipima. Fuso imekunywa madumu mangapi tangu 2011? Lori la komoni reli halitakuvumilia hata la pili.

Ikiwa ni Euro 5 au 6 kuna na mambo ya moshi. Nchi zetu za Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015, ni hatua kubwa, lakini magari ya Euro 6 yalitengenezwa kwa ajili ya 10. Mengi ya namna hiyo yanataka pia AdBlue, ambayo ni urea asilimia 32.5 iliyoyeyushwa kwenye maji yaliyosafishwa. Ikiisha, kompyuta inaipunguzia gari nguvu kwa makusudi, mpaka unapitwa na bajaji.

Miaka michache iliyopita aliletwa kwangu kijana mmoja na kichwa cha trela cha mtumba kutoka Ulaya, kinavutwa kwa mnyororo. AdBlue ilimwishia huko Songwe. Akasoma kwenye dumu tupu, akaona neno urea. Mtoto wa mkulima huyo, urea anaijua! Akaingia duka la pembejeo, akanunua mbolea kilo kadhaa, akaikoroga kwenye ndoo na maji ya bomba, akachuja kwa kitambaa cha khanga, akamimina. Gari ilitembea. Ilitembea siku nzima na yeye akawapigia wenzake simu kuwafundisha. Nilipofungua kile kinozeli kinachopulizia kwenye ekzosi nilikuta kimejaa vipande vyeupe, vigumu, kama chumvi ya kwenye ufuo. Mbolea ina takataka ambazo mahindi hayazijali, lakini ule mfumo hauzitaki. Nozeli, pampu yake na bomba lote la kusafishia moshi vilitupwa. Gharama yake ingefungua injini ya Fuso mara mbili. Yule kijana alikaa juu ya tairi la akiba, mikono kichwani, akarudia mara kadhaa: “Lakini Fundi, si imeandikwa urea?”

Na mimi nimechomeka, usidhani nasimulia ya wengine tu. Mwaka 2014 nilichukua gari la komoni reli kwa mkopo, nikiwa fundi mzima mwenye jina. Siku moja likazima Mikese, likawasha taa ya injini, likagoma. Mashine ya kusomea hitilafu sikuwa nayo, mwenye nayo alikuwa Morogoro na alikuja siku ya tatu. Ilikuwa sensa ya presha ya kwenye reli, kitu cha ukubwa wa kidole gumba. Ya kwanza niliyouziwa Dar ilikuwa feki, ya pili ikangoja meli. Siku 23 gari limelala, na marejesho yanatembea kila usiku. Ningekuwa na 6D17 ningeamka asubuhi, nikapuliza bomba la dizeli kwa mdomo, nikaondoka. Nililimaliza lile deni, ila mwaka ule watoto walikwenda shule na viatu vya mwaka uliotangulia.

Basi ushauri wangu: usichukue mkopo mwaka huu. Ifungue injini, kama vile vipimo viwili vimeonyesha ni ringi, lakini kwa sharti moja, na sharti hilo liko kwenye chesisi. Ingia chini ya gari na nyundo ndogo na tochi. Angalia nyuma ya kabini, na pale springi za nyuma zinaposhikwa. Gonga. Chuma kizima kinalia kama kengele, chenye ufa kinalia kama debe. Ukikuta mshono wa kuchomelea juu ya mshono mwingine wa kuchomelea, acha. Hapo mpe mtu wa Mafinga gari lake, chukua milioni 28 zako, na milioni 9 ubaki nazo mfukoni. Injini mpya juu ya chesisi iliyokatika ni sawa na kumvisha suti mgonjwa mahututi.

Chesisi ikiwa nzima, kaa na fundi wako mwandike milioni 9 ni za nini, kwa kalamu. Slivu, pistoni, ringi na beringi zote. Krenki ipimwe kwanza, isisagwe kwa mazoea. Hedi ipimwe nyufa kwa presha ya maji na valvu zikalishwe upya. Pampu na nozeli ziende kupimwa kwenye benchi, kwenye karakana yenye benchi la kweli, kwa sababu hapo ndipo dizeli yako inapopungua, si kwenye pistoni peke yake. Nozeli zikipuliza vizuri lita 440 zinaweza kurudi 390, hiyo ni laki 1 na 40 kila safari. Redieta ifunguliwe vichwa isafishwe tundu kwa tundu, na kama hayasafishiki ibadilishwe moyo. Na spea nenda kanunue wewe, pamoja na huyo kijana, usimtume fundi. Nasema hivyo nikiwa fundi.

Wakati wa kupakia nao kuwe na mwisho. Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ya 2016, inayotumika kwetu tangu Machi 2019, inakupa tani 8 ekseli ya mbele na tani 10 ya nyuma, gari na mzigo pamoja 18. Mizani ya Makambako, Wenda na Vigwaza unaijua kuliko mimi. Lakini kupita mizani si kwamba gari yako ina furaha. Fighter ikikaa tani 10 za mzigo, klachi utaisahau.

Kuhusu kijana, usimvunje moyo, hajakosea kuona mbele. Mpe kazi ya mwaka mmoja. Kila mwisho wa mwezi, kuanzia siku Fuso itakapotoka gereji, mtenge milioni 4.3 kwenye akaunti ambayo wewe huigusi, kana kwamba benki imekuja mlangoni. Masika pia, bila huruma. Miezi 12 ikipita bila kukosa, mtakuwa na milioni 51.6 taslimu, kianzio kimepatikana na Fuso bado ipo inaleta mzigo, na mimi mwenyewe nitakuja Makambako kuwasaidia kuchagua. Mkishindwa mwezi wa tatu, mmejua jambo hilo bila dalali kuja kuchukua gari. Kwa hesabu yako ya leo mtashindwa, nakuambia mapema. Nataka yeye aione hesabu hiyo kwa mkono wake, kwa sababu akiambiwa na baba atasema ni uzee. Na katika mwaka huohuo atafute mahali pa kujifunza kusoma hitilafu kwa mashine. Siku lori la komoni reli litakapoingia uani kwenu, awepo wa kulisikiliza.

Safari ijayo ukishateremka Kitonga, niandikie mambo mawili tu: moshi ulikatika au uliendelea, na kile kifuniko cha oili kilitulia au kiliruka.